Mjomba, Mahari Haikunifungua

Mjomba,

Nakuandikia kwa hasira. Hasira zangu zote nilikuletea wewe ulipokuwa hai, basi vumilia na hii. Ulikufa ukijua nimeachika. Sikuachika, Mjomba. Mbuzi wako walikwenda bure, na minazi yako ya kule Munje uliyoiuza ili umrudishie Yohana mahari yake, nayo ilikwenda bure.

Yohana alikuja mwezi uliopita, baada ya kusikia nimepata kazi ya kufua shuka hospitalini Msambweni. Alikuja na cheti cha kanisa. Akamwambia chifu kuwa mimi ni mkewe, nirudi kwake Gazi, mimi na mshahara wangu. Nikasema mahari yake alirudishiwa mbele ya wazee, akaipokea kwa mikono miwili. Chifu akacheka. "Wazee hawakukufungisha ndoa, bibi. Ndoa ya kanisa huvunjwa na korti."

Ungejuaje? Nyinyi Waislamu mna kadhi wenu. Mimi nilibatizwa, na nikadhani mila inatosha. Sasa bendera ni yetu na chifu ni wetu, na mimi bado ni mke wa Yohana.

Kwale hakuna wakili. Karani wa korti alinielekeza Mombasa, nikavuka Likoni na viatu vya kuazima ili nisidharauliwe. Wakili wa kwanza alitaja ada inayopita mshahara wangu wa mwaka mzima, na nusu yake aione kabla hajashika kalamu. Nikamwambia kwa fedha hizo ningeoa mimi. Hakucheka.

Wa pili, kijana mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vitambaa, alikubali nimlipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha akauliza, "Korti haivunji ndoa bila sababu na shahidi. Nani alikuona ulipopigwa?"

Wewe. Wewe ndiye uliyenikuta jikoni kwa Yohana mkono umevunjika, ukanipakia kwenye baiskeli ukanipeleka kwako. Hakuna mwingine aliyeona. Na siku ya kurudisha mahari, nilipotaka kusema, ulinikatiza: "Ya chumbani hayasemwi barazani, mwanangu. Mali ikirudi, maneno yamekwisha." Ndiyo desturi yetu, mbuzi wanarudi na aibu inafunikwa. Wazee nimewafuata mmoja mmoja. Wote wanasema hawakusikia lolote, na ni kweli, hawakusikia. Mmoja ameniambia Yohana alionekana kijana mpole.

Ulidhani unanisitiri mimi, Mjomba. Uliyemsitiri ni yeye. Nakupenda, na inaniuma kukulaumu nawe huwezi kunijibu, lakini nitamlaumu nani?

Wakili anasema itabidi nisimame mwenyewe mbele ya hakimu, Yohana akisikia, na yeyote atakayetaka kuingia asikie. Huenda nisiaminiwe. Nitasema hata hivyo. Nitakunja mkono wa gauni wauone mfupa ulivyounga upande. Jina lako nitalitaja kwa heshima, hilo nakuahidi, lakini ya chumbani nitayasema yote.

Mungu akurehemu, Mjomba wangu. Nikishinda nitakuja kaburini kukwambia. Nikishindwa nitakuja vilevile, kwa maana kwa Yohana sirudi.

Mpwa wako,
Raheli