Mwasumini wa Mama Nimeukata Mimi

Kwa Hassani,
S.L.P. 41,
Mtwara.

Mikindani, Jumatano, 22 Agosti 1973

Mpendwa mdogo wangu Saumu,

Assalaam alaykum. Najua mwandiko huu umekushtua. Usiogope, hakuna msiba, sote wazima. U hali gani huko Tanga? Shemeji Iddi hajambo, na kile kifua chake kinachombana kila baridi? Salma nasikia yuko darasa la nne na anakaribia kukupita kimo. Mungu amkuze.

Huku tunashukuru. Hassani wangu bado yuko bandarini, anakwenda na kurudi kwa baiskeli. Ashura amepona surua. Mikorosho imetoa maua mengi mwaka huu, upepo ukiyahurumia tutavuna.

Habari kubwa ni ya mama. Mwezi wa sita kaka Thabiti alikuja kumchukua, akakaa naye Masasi ili hospitali ya misheni imtoe mtoto wa jicho. Walianza jicho la kulia, wakamaliza na la kushoto. Saumu, mama anaona! Baada ya miaka sita ya kupapasa kuta, kaka ameandika kwamba amevaa miwani na amehesabu kuku uani. Anarudi Jumamosi ya tarehe mosi.

Nimefurahi, wallahi nimefurahi. Lakini tangu barua hiyo ifike sili nikashiba. Mwasumini wa mama haupo. Nimeukata mimi, kwa mkono wangu, na mama hajui.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwaka huu tunasikiliza masomo ya afya redioni, bila shaka na ninyi huko. Kikundi chetu kinakutana barazani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Fikirini, na mimi ndiye katibu. Somo la malaria lilitutaka tufyeke vichaka vilivyo karibu na nyumba na tufukie makopo yanayotuama maji. Maua hayakutajwa hata kidogo. Mzee Fikirini mwenyewe aliniambia, "Mama Ashura, hilo ua, si kichaka." Nikamjibu kwamba katibu akianza na la kwake hakuna atakayebisha. Unanijua nikishaanza jambo.

Nilikata mpaka chini. Na hapa ndipo nilipoharibu kabisa: matawi niliyarundika palepale juu ya kisiki nikayatia moto. Mwasumini ukikatwa tu huchipua, hata ukiukata kiangazi. Mimi niliupika. Wiki tisa sasa, naona kisiki cheusi tu.

Siku ya kuondoka mama aliupapasa ule mti, akachuma asumini tatu akazifunga kwenye ncha ya kanga. Akasema Mungu akimrudishia macho, kitu cha kwanza kutazama ni ua lake, nyuso zetu baadaye. Tulicheka sana siku ile. Sasa kila lori likipita barabarani natoka mlangoni kutazama.

Wiki ileile ya moto nilimkimbilia Veronika, nesi wa zahanati, ambaye nyumba yake ina maua mpaka mlangoni. Alinieleza kama mtoto wa shule. Kuna maua ya msimu: unasia mbegu leo, miezi miwili yamechanua, yanatoa mbegu zake, yanakufa. Na kuna ya kudumu, ambayo mwaka wa kwanza hayakupi kitu ila majani, lakini ukiyavumilia yatakuzika. Akaniuliza nina muda gani. Nilikuwa na miezi miwili, maana kaka alisema matibabu hayatakwisha kabla ya hapo. Akanipa mbegu za zinia kwenye bahasha ya dawa.

Mchanga wetu huu wa pwani niliuchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, maana mbichi inaunguza. Nikasia mbegu kwenye kivuli cha ukuta, miche nikaihamisha jua likiwa limepoa, nikaimwagilia maji ya kuoshea mchele. Ilipofika kimo cha shibiri Veronika akaniagiza niikate vichwa ili itoe matawi. Nilitii kwa shingo upande. Nilikuwa nimeshakata vya kutosha mwaka huu.

Basi yamechanua, mekundu, ya njano na ya rangi ya chungwa, na yamekizunguka kisiki hata hakionekani ukiwa mbali. Lakini hayanukii. Na mama unamjua, ua lisilonukia kwake ni kitambaa. Hatadanganyika hata kwa jicho moja.

Kwa hiyo nakuandikia wewe. Lile tawi ulilolichukua ulipoolewa, miaka kumi na moja iliyopita, nasikia limekuwa mti mkubwa mlangoni kwako. Sitaki kufukua ya zamani. Ulilichukua bila ruhusa, nami nilisema niliyosema mbele ya wakwe zako, yamepita. Nakuomba chipukizi moja tu lenye mizizi. Lifunge na udongo wake kwenye kipande cha gunia kilicholowa, umpe mtu aje nalo kwa meli ya Mtwara. Hata likichelewa nitakuwa na neno la kumwambia mama, kwamba liko njiani. Bila hilo sina la kusema.

Jumamosi, 25 Agosti

Saumu, barua hii nilikuwa sijaitia posta, nangoja Hassani alete stempu. Mama amekuja jana, wiki nzima kabla ya siku yake. Alipata lori, akakataa kungoja. Yale ya juu nimeyaacha kama yalivyo, ili uone nilivyokuwa nikiwaza juzi.

Alishuka na miwani minene iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Watu wamejaa, vigelegele, yeye anatupita tu. Akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya ua. Akasimama mbele ya zinia. Akauliza mwasumini uko wapi.

Nilikuwa na uongo wangu tayari. Nikasema umeliwa na mchwa. Mama akainama, akatenganisha maua kwa mikono, akakishika kisiki. Alikipapasa kama alivyozoea kupapasa vitu alipokuwa haoni, mpaka kidole kikafika kwenye mkato.

"Mchwa wa siku hizi wanashika panga?"

Kaka Thabiti, aliyemleta, akajifanya anashusha mizigo. Mama hakula chakula changu jana, aliletewa uji na jirani.

Leo asubuhi ameniita chumbani. Nikamweleza yote, redio, ukatibu, moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Weye nakujua na haraka zako tangu unatambaa. Ndiyo maana lile la Saumu nililizika mwenyewe."

Nikamuuliza kulizika vipi. Akaniambia. Kiangazi cha kabla ya harusi yako aliliinamisha tawi moja la nyuma, upande nisiopita, akalifukia udongo na kuliwekea jiwe. Mvua zilipokwisha lilikuwa na mizizi, akalikata kwa kisu cha jikoni na kulificha katikati ya vyungu vyako. Akakukataza usiniambie. Alijua ningesema mimi ndiye mkubwa, ni haki yangu.

Kwa hiyo hukuiba. Siku ile nilipovipekua vyungu vyako mbele ya mama mkwe wako nikakuita mwizi, mama alikuwa amesimama pale pale, na ulimtazama yeye, nakumbuka sasa, hukunitazama mimi. Miaka kumi na moja umekaa kimya kwa neno ulilompa mama.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema siku ile aliona haya, halafu miaka ikapita. Ndivyo alivyosema, basi. Nimemkasirikia, nakuambia kweli, nimetoka chumbani bila kuaga. Lakini aliyetukana si yeye. Ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu. Naandika huku nalia na sioni haya kukwambia.

Kisiki amekikwaruza kwa ukucha. Juu kimekauka, chini hajui. Anasema kama mti wako uko hai, uinamishe tawi kama yeye alivyofanya, usikate la haraka haraka, atangoja mpaka mwakani. Zinia zangu alizitazama muda mrefu. Nilidhani atazing'oa. Amevutiwa kiti, anakaa nazo, anamtajia Ashura rangi moja moja. Anasema hazidumu, lakini nyekundu alikuwa ameisahau.

Kaka Thabiti anakusalimu, na Hassani, na Veronika ambaye hakujui lakini amejua habari zako zote. Msalimie shemeji Iddi, Salma na wadogo zake. Wakwe zako waombe radhi kwa niaba yangu, nami nitawaandikia.

Limebaki moja. Barua zako zote miaka hii zimekuja kwa jina la mama. Majibu aliandikiwa na Hassani, lakini kusoma nilimsomea mimi, maana hakuweza kungoja Hassani arudi kutoka kazini. Ulisalimia kila mtu, mpaka majirani. Mimi hukunitaja hata mara moja, na ulikuwa na haki. Lakini kila nilipofika mwishoni nilimsomea mama, "Na dada Mwasiti msalimie sana." Nilikuwa naitunga. Naye kila mara aliitikia, "Kasikia."

Sasa mama anasema akiizoea miwani ataingia darasa la watu wazima, ajue kuzisoma barua zako mwenyewe. Mungu amfikishe, na akulinde wewe na nyumba yako. Ukijibu, niandikie salamu moja, hata iwe kavu, nimsomee iliyomo.

Ni mimi nikupendaye,
dada yako ukinikubali,
Mwasiti