Gari Lililokataa Kutoka Uani

Kibiti

Baba Zawadi,

Assalaam alaykum. Simu yako haipatikani huko Salale, kwa hiyo nampa Abbasi wa boti barua hii. Mpunga tumeshavuna, na Zawadi ameota jino.

Ijumaa gari uliloliacha lilikataa kutoka uani. Fundi Nassibu akalipiga jeki kwa nyuma. Breki ya mkono ilishuka kirahisi, lakini magurudumu hayakuzunguka. Akaingia chini, akagongagonga.

"Waya umeganda kwa kutu," akasema. "Gari likikaa masika yote breki imevutwa, haiachii. Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Hospitali. Mama mkwe hapumui vizuri."

Kwenye pikipiki asingeweza kukaa. Mama yako alilala barazani, kichwa mapajani mwangu, akiniuliza mbona hatuendi. Nikamjibu, tunakwenda, mama. Gurudumu lilipozunguka, alikuwa ameshatutoka.

Tumemzika kule Mtawanya, karibu na baba yako. Najua ulivuta breki ili gari lisiserereke likagonga ukuta, na mimi simlaumu mtu. Ila usikatize kambi ya kuvua kamba ukakimbilia nyumbani. Hakuna tena cha kuwahi.

Mkeo,
Rukaya