Majivu Kwenye Trei za Kware

Jumatatu, 7 Julai 2025

Pua yangu imekufa. Miaka minne sasa, tangu ile homa iliyonilaza wiki tatu. Sijamwambia mtu. Marehemu mke wangu aliondoka hajui. Mkamwana wangu Kokuhirwa, anayenipikia kila siku, hajui. Nasifu mchuzi kwa kumtazama usoni.

Nimerudi kwenye daftari langu hili kwa sababu daktari amesema moyo umechoka, nisipange mambo ya mwakani. Nina miaka themanini na moja. Thelathini na miwili kati ya hiyo nilikuwa mwonjaji wa kahawa — kunusa, kuonja, kutema, kutamka. Hapa Igurwa hadi leo wananiita Pua. Mtu anayeitwa Pua atawaambiaje watu kwamba hasikii harufu?

Leo jirani yangu Gosbert kaleta konzi ya kahawa. "Shikamoo mzee. Hebu ninusie kabla sijaipeleka chama cha ushirika." Nikafumba macho kama zamani. Hakuna kitu. Kama kunusa ukuta. Nikasema safi. Akaondoka anapiga mluzi.

Lipo na jambo la pili. Hilo sijui kama mkono utakubali.

Jumanne, 8 Julai

Kware. Kokuhirwa anafuga mia tatu katika chumba kilichopakana na changu, zamani stoo ya kahawa. Vizimba vimepandana vinne vinne, na chini ya kila kimoja trei ya bati ya kupokea kinyesi. Tangu mwanangu afariki, mayai hayo ndiyo yanayotuweka mjini kwa maneno ya watu wa hapa, yaani ndiyo chumvi na sabuni.

Shida ni harufu. Mteja wa mayai leo alisimama barabarani akakataa kuingia.

"Mama, niletee huku huku. Nina safari ya Kayanga, wasije wakanishusha kwenye gari."

Kokuhirwa alicheka naye. Halafu nikamsikia jikoni, hacheki tena.

Niyonsenga ameondoka wiki kumi na moja zilizopita. Yeye ndiye aliyekuwa akihudumia kware, na alifukuzwa kwa ajili ya harufu hiyo hiyo. Mwanamume wa miaka hamsini, ana mke na watoto wanne, amelima kibanja chetu cha migomba miaka minane. Ameondoka yeye, harufu imebaki. Kokuhirwa anaosha trei kwa mikono yake, asubuhi na jioni. Imebaki! Leo ndipo nimeliona hilo, kama mtu anayemwona nyoka baada ya kumruka.

Mimi kazi yangu ni moja: majivu. Kila asubuhi nachota makopo mawili jikoni, naenda na mkongojo wangu, nanyunyiza kwenye trei. Kwetu majivu ni dawa ya kila kitu. Chooni majivu. Siafu wakiingia, majivu. Mbegu za maharage, majivu. Ni kazi ya mwisho niliyobaki nayo duniani. Naipenda.

Alhamisi, 10 Julai

Sijui nianzie wapi.

Kware kumi na mmoja wamekufa wiki hii. Wengine macho yamevimba, wanakaa kama wanaosinzia. Kokuhirwa akamwita afisa mifugo, binti mmoja anaitwa Mackrine. Aliingia chumba kile, akatoka mbio, akaja kukohoa chini ya dirisha langu.

"Nani anaweka majivu?"

"Tata," Kokuhirwa akajibu, kwa kilugha chetu ndiyo baba, tena kwa fahari. "Kila asubuhi. Hajakosa hata siku moja, ila ile wiki aliyolazwa Machi."

Yule binti akamsogelea. Akasema kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu bado mazima: "Dada, hayo majivu ndiyo yanayotoa harufu. Choo cha shimo ni kitu kingine. Kinyesi cha kware kikiwa kibichi, na vyombo vyenu hivi vya maji vinavuja juu yake, ukikitia majivu kinafoka hewa kali ya amonia. Ndiyo inayowachoma macho. Ndiyo inayowaua."

Kisha akachungulia dirishani. "Shikamoo mzee. Nawe unalala ukuta huu huu? Macho hayakuwashi?"

Macho yangu yanatiririka tangu Februari. Nilidhani ni umri.

Miezi sita. Makopo mawili kila asubuhi. Nilikuwa nikiwapelekea sumu kwa mkongojo.

Ameagiza: majivu basi. Trei zitandazwe makapi ya kahawa, makavu kabisa. Zimwagwe kila siku kwenye shimo mbali na nyumba, juu yake udongo na majani makavu ya mgomba, hadi uchafu uoze uwe mbolea. Vyombo vinavyovuja vibadilishwe. Na dirisha la stoo lifunguliwe. Lile nililolipigilia mbao mimi mwenyewe, kwa kuogopa baridi.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi nilitafuta kopo langu. Halipo. Kokuhirwa kalificha. Hakunilaumu. Alisema tu, "Tata, hukujua."

Nikamwacha aseme hivyo.

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya nne ya makapi. Wanasema harufu imekatika. Mimi naambiwa tu, kama kipofu anavyoambiwa kumekucha. Mteja wa Kayanga leo aliingia mpaka ndani, akakaa, akanywa chai. "Mmewahamisha?" aliuliza. Hakuna kware aliyekufa tangu Jumamosi.

Jioni Kokuhirwa alikuja kuchambua maharage karibu na kiti changu. Nikajua ana neno.

"Tata, nafikiria juu ya Niyonsenga. Siku ile alisema alikwambia kuhusu majivu. Ni kweli au alikuwa anajitetea?"

Siku ile ni Jumatatu ya Pasaka. Tulikaa hapa kibarazani: mimi, Kokuhirwa, Gosbert, na mzee wa kanisa kama shahidi. Niyonsenga alituhumiwa uvivu, kwamba haoshi trei. Akasema anaosha, na shida ni majivu, na kwamba mimi alikwisha kuniambia. Wote wakanigeukia. Nikasema hajaniambia neno. Gosbert akacheka: "Watu wa kuja hawa, mdomo mwepesi. Sasa anamsingizia Pua mwenyewe!" Ikaisha hivyo. Hakufukuzwa kama mvivu. Alifukuzwa kama mwongo.

Na uongo humfuata mtu mbali kuliko uvivu. Hapa Igurwa hakuna aliyempa tena kazi. Yuko Murongo mpakani, anabeba mizigo, kwa mgongo wa miaka hamsini. Mkewe Uwiduhaye alikwenda kuomba kuchuma kahawa, akaambiwa, "Wewe si mke wa yule mwongo?"

Nilimjibu Kokuhirwa kwamba sikumbuki.

Sikumbuki.

Alhamisi, 17 Julai

Gosbert karudi. Kahawa niliyosema safi imekataliwa chamani. Ina ukungu, wanasema hata mtoto angeunusa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mzee, au siku ile ulikuwa na mafua?"

"Mafua," nikasema.

Kokuhirwa alikuwa mlangoni. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaleta chakula, akakaa, akanitazama ninavyokula. Ndizi zilikuwa zimeungua chini, nimeona weusi baadaye. Nilikwisha kuzisifu.

Akaondoa sahani. Ila jioni nilimsikia kwenye simu, anamwomba Niyonsenga aje Jumapili.

Jumapili, 20 Julai

Wapo nje sasa hivi. Nimeomba niingie ndani mara moja kuvaa sweta. Sweta nimeshavaa. Naandika.

Mwinjilisti aliniletea Chakula cha Bwana hapa nyumbani baada ya ibada. Akauliza kama nina neno na mtu yeyote. Nikasema sina. Nikapokea. Hakuwa ametoka uani, bodaboda ikaingia, Niyonsenga na mkewe.

Amekonda. Begani ana alama ya kamba. Alinipa shikamoo vilevile kama zamani, kwa mikono miwili, akakaa mwisho wa benchi. Kokuhirwa alimweleza yote: Mackrine, makapi, dirisha. Akamwomba radhi kwa ile tuhuma ya harufu. Halafu akamuuliza lile la majivu, mbele yangu.

Niyonsenga alitazama chini. "Mama, mimi nilishasema mara moja. Nikisema tena nitaitwa mwongo mara mbili. Muulize mzee."

Uwiduhaye hakutazama chini. Alinitazama mimi.

Nikaomba sweta.

Siku ile ya Pasaka niliona swali moja tu mbele yangu: kama alikwambia, wewe Pua hukuinusa? Basi nikaliokoa jina langu kwa jina lake. Alikuwa na jina moja tu, kama mimi.

Nimefungua nyuma kwenye daftari hili. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba labda kweli sikumbuki. Ninayo hapa, Jumanne, 25 Machi, siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, Kokuhirwa alikokuwa akiniuguza wiki nzima asione ya huku. Mwandiko ni wangu. Hata wino haujafifia.

Kokuhirwa anaita: "Tata, uko salama?"

Nimemwambia aingie na miwani yake. Sauti haitanifikisha mwisho wa sentensi, basi asome yeye, asome kibarazani, wasikie wote. Nimeweka kidole kwenye mstari wenyewe:

"Leo Niyonsenga kaniambia: Mzee, ulipolazwa harufu ilikwisha, umerudi na kopo lako, nayo imerudi. Nimemwambia anyamaze."