Vigelegele Saa Sita Mchana

Kavinya mdogo wangu,

Habari za huko Nunguni? Niko Liechtenstein, nchi ndogo iliyobanwa na milima ya theluji, na ghali mpaka Mwende wangu ananikataza kuangalia bei. Lakini si bei iliyonikasirisha.

Nilipofika kwake jana mchana, nilikabidhiwa mjukuu, huyu aliyepewa jina la mama yetu, Ndunge. Nikatoka naye kwenye balkoni nikapiga vigelegele kama tunavyompokea mtoto kwetu. Sijamaliza, jirani akabisha mlango, mzee wa shati safi, akionyesha saa yake ya mkono.

Mwende akanieleza, "Anasema ni saa ya kupumzika, Mama. Hakuna kelele mpaka saa saba na nusu."

"Kelele? Na hawa ng'ombe wanaoliza kengele shingoni mchana kutwa?"

Mwende hakutafsiri. Alimwomba yule mzee msamaha mara mbili, na hapo ndipo nilipochemka. Mtoto wangu aombe msamaha kwa sababu amezaa!

Nikaketi nimempakata Ndunge, macho kwenye saa ya ukutani. Saa saba na nusu ilipofika nikafungua tena mlango wa balkoni. Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti nyuma yangu. Alikuwa Mwende. Alipiga vigelegele mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikaitikia.

Waambie akina mama wa kanisa wampigie Ndunge vigelegele huko pia, saa yoyote wanayotaka. Mungu awafunike nyote.

Dada yako,
Mueni