Profesa Hervé na jino la Apolline

Julienne, acha unachofanya usome. Apolline ametoka sasa hivi kwa Hervé, yule munganga wa meno wa Kabambare anayejiona profesa.

Jino la mbele alilomziba miezi sita iliyopita limezungukwa na mstari mweusi kama kucha ya fundi wa pikipiki! Apolline akauliza sababu. Bwana mkubwa akajibu: "Mama, unakula sombe mingi."

Sombe! Nani hapa hali majani ya muhogo?

Apolline anakumbuka vizuri. Siku ile Hervé alishindilia dawa yote donge moja, akaimulika kwa nguvu zote mara moja, eti jua halikuwaka na paneli haikujaza betri ya taa ya kukaushia dawa. Laura, msaidizi wake aliyesomea Kasongo, alimwonya: "Docteur, tuweke kidogo kidogo. Dawa hii ikikauka inasinyaa. Ikisinyaa yote pamoja inaachana na jino, maji yanaingia pembeni."

"Mwanga ni mwanga," akasema profesa. Mwanga ni mwanga!

Leo kachukua koleo. "Tung'oe tu." Jino zima, kwa kuihurumia betri!

Apolline akafumba mdomo. Kisha, benchi zima la wagonjwa likisikia: "Laura ndiye ataziba. Wewe profesa, shika taa."

Akashika, Julienne! Akashika!

Laura alikwangua uchafu wote, akaweka tabaka tatu nyembamba, kila moja na mwanga wake. Kila mara profesa alipotaka kushusha mkono, Laura alisema bila kumtazama: "Bado, Docteur."