Namba Uliyoiona Ukafunga Kompyuta

Baba Zuhura,

Jiko letu limekwenda. Jumapili asubuhi, mvua ilipotulia, lilishuka korongoni na mafiga yake na lile benchi ulilopenda kukalia. Nilikuwa nimetoka kuchota maji. Ningechelewa kidogo tu, nami ningekuwemo.

Nakuandikia waziwazi kwa sababu simu hupokei. Huko Mkomaindo ulikohamia, walimu wenzako nao waisome barua hii.

Unakumbuka ulipotundika shuka langu jeupe sebuleni, wanafunzi wako wakajazana, ukawamulikia Mirihi juu yake toka kwenye kompyuta yako? Uliivuta ramani mpaka kwenye makorongo ya sayari ile, yamechimbika kama haya yetu ya Newala. Mtoto mmoja akadakia, "Mwalimu, kumbe na huko uwanja wa mpira umeliwa!" Tulicheka mpaka basi. Ukawaambia, "Picha moja haisemi kitu. Chukueni mbili za miaka tofauti, tafuteni kwanza kisichohama, ndipo mpime kilichohama." Nilikuwa nakaanga korosho, zile zilizoijenga nyumba hii, nikakusikiliza. Nilikupenda siku ile.

Binti yetu akasema, "Baba, tupime na letu." Ukaileta nyumba, bati linang'aa. Picha ya zamani, picha mpya. Tenki la maji lilikuwa palepale. Ukavuta mstari toka ukingo wa korongo hadi ukuta wa chumba cha mama yangu. Namba ikatokea, kwa maandishi madogo yasiyosomeka shukani. Uliiona wewe peke yako, ukafunga kompyuta.

"Picha zimepishana tu," ulisema.

Mama akakutania, "Mkwe, unapima mbinguni, shimo la uani linakushinda?"

Hukucheka. Haukupita muda uhamisho ukaja, ukaondoka na kompyuta yako.

Sasa naogopa, Baba Zuhura. Udongo ukidondoka, pu, natoka mbio kutazama ukingo. Ramani kwenye simu ya Zuhura ina picha moja tu ya angani, ya zamani, isiyopimika. Humo jiko bado limesimama. Jana nimepima kwa kamba: toka ukingo hadi ukuta wa mama ni mita tisa. Mama hatembei. Fundi yuko tayari kung'oa bati tukajenge kule juu, mbali na korongo, lakini kwa mvua hizi ni kumlaza mgonjwa chini ya turubai. Nina namba moja, na namba moja haisemi kitu. Ya pili unayo wewe.

Kama siku ile zilikuwa kumi, korongo linatambaa. Tutasubiri mvua zikatike. Kama zilikuwa ishirini, linakimbia, na mama anatoka hata kwa kubebwa mgongoni. Ajabu yake, naomba iwe ile ndogo, ile ambayo huenda ndiyo iliyokutisha wewe.

Sikuulizi utarudi lini. Sikuulizi kwa nini ulinyamaza. Hilo lina siku yake. Ijumaa baada ya swala fundi anataka jibu; kabla ya adhana ya adhuhuri, nitumie namba tupu, bila salamu. Zilikuwa mita ngapi?

Mama Zuhura