Ile Alama ya Kutoa Kwenye Ukuta

Muzee Ngabu, mwalimu wangu,

Hukukosea. Naanza na hiyo mbele ya salamu, juu najua hata huko uliko ungali unaitafuta ile kosa.

Tangu tukuzike, miye niko iniversite Kisangani. Lakini akili yangu ilibaki kwetu mutaani Bigo, kwenye ukuta wa parseli yako, pale nyumbani kwako, ule ulioupaka rangi nyeusi ukaufanya tablo. Tukitoka masomo unatuita, Mama, muke wako, analalamika chai inapoa, weye na chaki yako. Ulitaka kuunganisha gravitasio, ile nguvu ya kuvuta vitu chini, na sheria za vitu vidogo kabisa. Hesabu ilikuwa inazaa namba zisizo na mwisho. Ukiziba moja, ingine inatoka. Siku moja ukaongeza mupindo wa anga, uliozidishwa kwa wenyewe, na zote zikatulia. Ulicheka kama mutoto, ukatununulia siye wote mandazi.

Halafu ikatokea ile alama ya kutoa. Chembe moja ikawa na uwezekano wa chini ya zero. Na ni weye uliyetufundisha: mvua itanyesha ao haitanyesha, hakuna uwezekano unaoshuka chini ya zero, na ukijumlisha wote, lazima upate moja kamili. Ukasema, "Nimekosea mahali." Ukatafuta mpaka ugonjwa ukakulaza, na hata kitandani ulisema umetupotezea wakati. Ile neno iliniumiza sana, Muzee.

Sasa sikia. Nilirudia hesabu yako yote. Alama ikabaki. Nikamwonyesha profesa wangu. Akasema kila mwenye kupita njia ile kwa uaminifu anafika pale pale. Ukitoa kile kipande chako cha mupindo, namba zisizo na mwisho zinarudi. Ukikiweka, alama inakuja. Wasomi wakubwa wa dunia wanagombana nayo mpaka leo. Shida iko ndani ya nadharia yenyewe. Nililia, halafu nikacheka peke yangu kama mupumbavu.

Wiki iliyopita nilikuja kwa kutoa matanga. Mama alitaka kupaka ukuta chokaa, juu kila akiuangalia alikuwa anakuona unahangaika. Nikamweleza kwamba hukukosea. Akauliza kama ni kweli kabisa. Halafu akasema, "Basi alale."

Tuliupaka pamoja, miye juu, yeye chini.

Lala, Muzee. Ile alama sasa ni kazi yangu. Nikiishinda ao ikinishinda, sitaruhusu mutu aiite kosa lako.

Mwanafunzi wako kichwa ngumu,
Furaha wa Ngezi